Stockholm: Mji Uliosahauliwa na Sinema

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, umejengwa juu ya visiwa 14 vilivyounganishwa kwa madaraja, pale ziwa Mälaren linapokutana na bahari ya Baltic. Mwishoni mwa Novemba, saa tisa alasiri jua huwa linazama. Wafanyakazi hurudi makwao gizani, wamejikunyata ndani ya mabasi.

Ni basi la namna hiyo, la ghorofa, ambalo waandishi Maj Sjöwall na mwenzi wake Per Wahlöö walilitumia katika riwaya yao ya upelelezi ya mwaka 1968, Den skrattande polisen, yaani Polisi Anayecheka. Usiku wa mvua, Novemba 1967, abiria pamoja na dereva, watu tisa kwa jumla, wanamiminiwa risasi. Miongoni mwao yumo kachero kijana. Saa hizo askari wengi wa mji wako kwenye ubalozi wa Marekani, wakipambana na waandamanaji wanaopinga vita vya Vietnam.

Mwaka 1973 Hollywood iliitengeneza hadithi hiyo kuwa filamu, The Laughing Policeman, ikiongozwa na Stuart Rosenberg. Basi lilihamishiwa San Francisco, mji wa vilima katika pwani ya magharibi ya Marekani. Inspekta Martin Beck akageuzwa kuwa Jake Martin, akaigizwa na Walter Matthau. Maiti ndani ya basi zilisafiri. Kachero kijana naye alisafiri. Maandamano yaliachwa Stockholm. Aliachwa pia yule kibarua wa Algeria aliyefia ndani ya basi, ambaye makachero wanapofika kwake wanakuta wahamiaji wamesongamana, wakitozwa kodi kubwa na mwenye nyumba.

Hasara hiyo si ndogo. Sjöwall na Wahlöö waliandika riwaya kumi kati ya 1965 na 1975, kwa nia ya kufunua yaliyofichika katika nchi iliyosifiwa duniani kwa kuwatunza raia wake. Kila abiria aliyeuawa alikuwa dirisha la kuutazamia mji. Hollywood ilichukua mauaji, ikaacha madirisha.

Je, dawa ni kwenda kupiga picha huko huko? Mwaka 2011 David Fincher alifanya hivyo kwa riwaya ya Stieg Larsson, akaipa filamu jina la The Girl with the Dragon Tattoo. Waigizaji wake walisema Kiingereza, lakini theluji na mitaa ni ya Sweden yenyewe. Hata hivyo, mwaka 2017 filamu ya The Snowman, iliyotokana na riwaya ya Jo Nesbø, ilipigwa Norway kwenyewe, na watazamaji wakatoka wamechanganyikiwa. Mwongozaji wake, Tomas Alfredson, alikiri kwamba sehemu ya hadithi haikuwahi kupigwa picha kwa kukosa muda. Theluji pekee haikutosha kuwa hadithi.

Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani, huijui ila yake. Sjöwall na Wahlöö walilala ndani ya nyumba yao, wakaziona nyufa zake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiitazama filamu ya namna hii jioni pamoja na jamaa zako, usiishie kuuliza nani muuaji. Uliza pia: hawa waliokuwa ndani ya basi walikuwa nani, na walikuwa wakirudi kwenye nyumba za namna gani?