Shimo Ilianguka

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami, ndugu msomaji, kila nikizama katika maandalizi ya tasnifu yangu ya uzamili hujikuta nimerejea kwenye karatasi moja ya insha, niliyoisahihisha nilipokuwa mwalimu msaidizi wa darasa la Kiswahili kwa wanafunzi wa kigeni. Nasema "wa kigeni" kwa kuwa ndivyo darasa lilivyoitwa. Miongoni mwao alikuwamo kijana kutoka Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyezungumza Kiswahili tangu akiwa mgongoni mwa mamake, lakini akawekwa pamoja na Wakorea na Wajerumani ili afunzwe lugha hiyo hiyo. Siku ya kwanza aliniita "yaya". Nilicheka peke yangu mbele ya darasa, maana kwetu Kenya yaya ni mlezi wa watoto. Kumbe kwao yaya ni ndugu mkubwa. Yeye alikuwa akinipa heshima, nami nikadhani ananituma kufua nepi.

Swali la insha ya kwanza lilikuwa jepesi: eleza kuhusu mji ulikozaliwa. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mdogo uliobanana. Niliisoma usiku, nimechoka, kalamu nyekundu mkononi. Palipoandikwa "baba yangu alitumika miaka makumi mbili na tano" nilikata na kuandika "alifanya kazi", kisha "ishirini na mitano". Palipoandikwa "bantu banachimba mashimo mu manyumba yabo" nilisawazisha yote ikawa "watu wanachimba mashimo katika nyumba zao". Mwishoni mwa ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii: "Shimo ilianguka na baba akabakia mule ndani." Nikaifuta "i" ya mwanzo wa kitenzi, juu yake nikaandika "li", na pambizoni nikaongeza: "Zingatia ngeli!" Nilimpa alama 7 kwa 20.

Alipoipokea karatasi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasubiri wenzake watoke. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yaya, haukuona kama baba alikufa?"

Naona haya kukiri, lakini sharti nikiri: jambo la kwanza lililonipitia akilini ni kwamba "kama" pale ilistahili kuwa "kwamba".

Nilimwomba radhi, tukaketi. Nilimweleza ukweli, kwamba Kongo niliyoijua ilikuwa ya aina mbili tu: ile ya nyimbo za Kilingala katika matatu, na ile ya vitabu vya jiografia vya shule. Katika hivyo vya shule, nchi hiyo yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,345,000, yaani mara nne ya Kenya, ilikuwa doa la kijani lililotapakaa majina ya madini. Tuliyakariri: almasi za Kasai, dhahabu ya Ituri, bati la Kivu, shaba ya Katanga. Hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye ramani ile.

Basi akaigeuza insha yake, akachora ramani nyuma ya kurasa. Hakuanzia Kinshasa. Alianzia kusini, Kolwezi, akashuka mashariki hadi Likasi na Lubumbashi, kisha akafika mpakani Kasumbalesa, na kutoka hapo mstari wake ukatoka nje ya nchi kabisa: Zambia, Tunduma, Tanzania, Namanga, Nairobi. Hiyo ndiyo njia aliyopitia kwa basi kuja kusoma. Kinshasa aliiweka mbali kule kushoto, juu, akasema hajawahi kufika, wala babake hakuwahi. Hakuna barabara nzuri ya kuunganisha pande hizo mbili za nchi moja. Nchi kubwa namna ile ina pwani isiyozidi kilomita arubaini hivi, huko magharibi kwenye mlango wa Mto Kongo, na kwa hivyo utajiri wa kusini hutoka kwa milango ya jirani: Dar es Salaam, Durban, na Lobito ya Angola, ambako reli ya Benguela ilikamilika mwaka 1931. Safarini mwake basi lilikuwa likifuatana na malori yaliyobeba shaba na kobalti kuelekea bandarini. "Tulisafiri pamoja," alisema, "lakini yenyewe ilikuwa na karatasi kunishinda."

Kuna mstari mwingine aliouchora ambao sikuufahamu hadi alipoufafanua. Ulitoka magharibi, kwenye mabwawa ya Inga karibu na bahari, ukaikata nchi nzima hadi Kolwezi. Ni nyaya za umeme. Inga ya kwanza ilikamilika mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, na njia hiyo ya umeme yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 ilijengwa ili kuulisha mgodi. Umeme unapita juu ya vijiji visivyo na taa.

Baada ya siku ile niliacha kwa muda vitabu vya tasnifu nikasoma vya huko. Shaba ya Katanga haikungoja Wazungu: wahunzi wa kale waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tanzania ya leo, alijenga dola lake Bunkeya akifanya biashara ya shaba, pembe na watumwa, hadi alipouawa mwaka 1891 na msafara uliokuja kuitwaa nchi yake kwa niaba ya Mfalme Leopold. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na mji wa Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi, ukazaliwa. Mwaka 1960 jimbo lilijitenga chini ya Moïse Tshombe, na katika bendera yake ikawekwa misalaba mitatu ya shaba. Mwaka 1967 kampuni ikataifishwa. Kisha likaja jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tungestahili kulijua kwa moyo: chini ya Mobutu, tangu mapema miaka ya 1970 hadi mwaka 1997, jimbo zima liliitwa Shaba. Neno letu lilipewa ardhi. Kijana wangu aliniambia kuwa watu wa kwao hulijua pia neno mukuba, ambalo Wabemba wa Zambia nao wanalo.

Lakini lililonishika zaidi ni asili ya Kiswahili chenyewe cha huko. Misafara ya pwani ilikifikisha Kongo, na wengi wetu tumesoma tawasifu ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, tukaishia Kasongo. Hatukufuata lugha hadi machimboni. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi za kazi kwa msukumo wa wakoloni wenyewe. Watoto wakazaliwa kambini wakakifanya lugha ya mama. Hiyo "ba" ya "bantu" niliyoikata kwa wino mwekundu ni sauti ya lugha za wazee wao. Mwaka 1965 André Yav aliandaa historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hicho, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani mwa Wazungu, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia Fabian huyo huyo historia ya nchi yake, picha baada ya picha, kwa lugha hiyo hiyo. Nimesoma fasihi ya Kiswahili kwa miaka sita chuoni. Majina hayo mawili sikuwahi kuyasikia darasani. Silaumu mtu. Huenda siku yalipotajwa sikuhudhuria.

Na kuhusu "alitumika": mimi nilijua maana yake kuwa ni kufanywa chombo. Kule kutumika ni kufanya kazi. Nilipofikiri tena niliona hata sisi tunawaita walioajiriwa na serikali watumishi wa umma, na hatuoni kosa. Babake alitumika katika kampuni moja ya madini kwa miaka hiyo yote, mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikakoma, kisha kazi yenyewe. Akabaki na sururu. Kolwezi sasa ni makao makuu ya Mkoa wa Lualaba, na Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, inayoingia katika betri za simu na za magari. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini humo, madini hayo yaligunduliwa chini ya makazi, na watu wakatoboa sakafu za vyumba vyao. Wao hawakuishi Kasulo, lakini babake alikwenda huko kuchimba. Sijui ni maana ipi ya "kutumika" ningeichagua kwa maisha hayo. Sentensi ilikuwa sahihi kwa zote mbili.

Mwisho wa muhula aliniandikia insha nyingine kuhusu mji uo huo, kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa. Babake alifanya kazi miaka ishirini na mitano. Shimo liliporomoka. Nilimpa 17 kwa kuwa alistahili, ila niliisoma haraka nikaifunga.

Akaniomba ile ya kwanza, anataka kumpelekea mamake. Nilikuwa nayo, lakini ilikuwa imejaa wekundu wangu. Nikamwomba anipe usiku mmoja. Niliinakili upya kwa wino mweusi, neno kwa neno kama alivyoliandika yeye, bantu na manyumba na makumi mbili, na nilipofika chini ya ukurasa wa pili nikaandika "ilianguka". Kesho yake aliipiga picha kwa simu akiwa amesimama mlangoni pa darasa, akaituma Kolwezi. Jibu lilikuja jioni. Alilisoma akiwa amenipa mgongo, nami sikumuuliza mamake amesema nini.