Vitri Nyeusi na Macho ya Shofere



Hapa Sakania vijana waliopata motokari kwa kazi ya mgodi wananiuliza: "Pasta, kubandika vitri nyeusi njo zambi?" Wengine wanaogopa tu polisi wa barabara, maana amri juu ya vitri hizo zinatoka mara kwa mara mu inchi yetu.

Mimi nasema, kwanza tujue sheria ya namna hii inatafuta nini. Tazama Ufaransa, ambako imeandikwa kwa hesabu. Tangu tarehe 1 Januari 2017, kioo cha mbele na vile viwili vya pembeni mwa shofere na mwenzake lazima vipitishe mwanga 70 kwa 100. Anayevunja analipa Euro 135. Vioo vya nyuma havikuguswa. Basi sheria haikukataza watu kujikinga na jua. Inalinda macho ya shofere.

Tena usidanganywe na muuza filimu. Kioo cha kiwanda chenyewe kinazuia mwanga kidogo. Kama kinapitisha 80 kwa 100, na weye unabandika filimu ya 80, unabaki na 64 tu. Jioni, mama mwenye kubeba unga pembeni ya njia, humwoni.

Kwetu hatari inazidi. Kongo tunapita mkono wa kuume. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanapita kushoto. Kwa hiyo makamyo na motokari nyingi zinazotoka kule zina volani upande wa kuume. Mtoto akitaka kuvuka, anatafuta uso wa shofere. Akikutana na macho yake, anajua: ameniona. Huku kwetu hajui hata shofere amekaa kiti gani. Ukiongeza vitri nyeusi, anavuka kwa bahati.

"Lakini Pasta, hatupendi kila mtu aone ndani." Naelewa. Nikodemo naye alimwendea Yesu usiku. Lakini siku ya maziko alikuja mbele ya watu, na manemane mkononi. Imani ilimtoa gizani.

Basi, ndugu, kama watoto wanalala kiti cha nyuma, watundikie kitambaa. Mbele, acha kioo cheupe. Ajali ikifika, mzazi hataulizia bei ya motokari yako. Atauliza neno moja: "Ulimwona mtoto wangu?"