Aliyekuwa Katikati Hakuulizwa

Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma, mkoani Songwe, nikisimamia uhifadhi wa mahojiano tuliyoyarekodi na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Ofisi iliyotupokea sitaitaja. Vifaa vyetu vilikuwa seva moja, kifaa cha kuhifadhia nakala, na swichi kuukuu iliyoviunganisha. Mitambo ilikuwa chini ya kijana mmoja wa mkataba, na mkataba wenyewe unakwisha Juni.

Siku ya tatu unakili uligoma, tena kwa namna ya ajabu. Seva iliingia kwenye kile kifaa bila kipingamizi. Orodha za majina zilipita, barua zilipita. Rekodi ya saa nzima ilianza, ikasimama, ikabaki imesimama. Kijana alisema nyaya ni nzima, amezipima. Sikumwamini. Usiku ule nilimwandikia mkuu wa ofisi barua yenye maneno “uzembe” na “kutowajibika”. Sisi wenye shahada za uzamivu hatupungukiwi maneno ya kumpiga mtu asiye na pa kujibia.

Kosa lilikuwa langu. Kwa kawaida, fremu moja ya Ethernet hubeba mzigo usiozidi baiti 1500. Kadi nyingi za mtandao za seva huweza kuruhusiwa kutuma fremu kubwa zaidi, ziitwazo jumbo, zenye mzigo wa hadi baiti 9000 hivi, ili data ileile isafiri kwa safari chache. Siku ya kwanza, kwa tamaa ya kasi, niliweka 9000 kwenye kadi ya seva na kwenye kile kifaa. Swichi sikuigusa.

Vifaa viwili vinapofungua mazungumzo, kila kimoja humtajia mwenzake ukubwa wa kipande kinachoweza kupokea. Vyetu vilitajiana kipimo kikubwa, vikaafikiana. Swichi iliyokuwa katikati haikuulizwa. Kila fremu iliyozidi uwezo wake iliitupa, ikanyamaza. Ruta katika hali kama hiyo huweza kumrudishia mtumaji taarifa kwamba mzigo ni mkubwa mno. Swichi haina desturi hiyo.

Asubuhi kijana alikuja. “Shikamoo, Dokta. Naomba tujaribu kitu kidogo.” Alituma ping yenye baiti 1472, akakataza isikatwe vipande. Ukijumlisha baiti 28 za vichwa vyake, hiyo ni 1500 kamili. Jibu likaja papo hapo. Akatuma ya 8972, ambayo kwa hesabu hiyohiyo ni 9000. Kimya. Hakunitazama, alirudisha kadi zote mbili kwenye 1500, na rekodi zikaanza kupita. Kwa kadi za gigabiti moja kama zetu, kasi niliyoikimbilia ilikuwa ya asilimia chache tu.

Reli ya TAZARA inapita hapohapo Tunduma. Upana wake ni milimita 1,067, ilhali ile Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Kwa hiyo huko Kidatu, zinapokutana, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ni adha, lakini ni adha inayoonekana. Hakuna anayedhani behewa limefika kumbe limetupwa porini.

Katika utumishi wetu wa umma nimeona zaidi ile tabia ya swichi. Ombi dogo hupita: kugongewa muhuri, kuthibitishiwa makazi. Ombi zito, la fidia ya shamba au malimbikizo ya mishahara, hutoka kwa mwananchi likiwa kamili, na kule juu kiongozi ametangaza jukwaani kwamba milango yake i wazi. Wote wawili ni wakweli. Katikati pana meza isiyoweza kulibeba, na mwenye meza halikatai wala halijibu. Mwananchi naye hulaumiwa kwamba hakufuatilia.

Nimekwisha kumwomba kijana radhi ana kwa ana. Nimeandika na barua ya pili, kuifuta ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilipokelewa na kuwekwa kwenye jalada lake siku ileile. Hii ya pili ina wiki ya tatu sasa. Jana nilipiga simu masjala. Nimeambiwa iko mezani.