Mwaminifu Ni Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kazi ya kufasiri kijitabu cha kampuni moja ya ndege. Kilieleza namna abiria asafiriye mara kwa mara anavyojikusanyia pointi, na namna pointi hizo zinavyogeuka tiketi. Karibu kila ukurasa ulimsifu abiria huyo kwa neno ambalo mimi, bila ya kufikiri sana, nililifasiri "mwaminifu". Nikalipwa, na juu ya malipo nikapewa kadi yenye jina langu. Nami nikawa mteja mwaminifu.

Kosa la tafsiri ile sikulihisi mpaka mwaka 2014, alipofariki rafiki yangu wa Bunda. Alikuwa mwalimu wa shule. Mimi Kiingereza sikukisoma darasani. Nilijifunza kwa kamusi na kwa barua zake. Kwa miaka 19 nilimpelekea kurasa zangu, naye akanirejeshea zimejaa wino mwekundu.

Mazishi yalipangwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Alhamisi nilivuka kutoka Unguja, na Ijumaa alfajiri nilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, tiketi ya Mwanza mkononi. Saa mbili tukaambiwa tusubiri. Saa sita tukaambiwa hivyo hivyo. Safari tatu za kampuni ile zilikuwa zimekwama, ukumbi umejaa, watoto wamelala juu ya mizigo. Asubuhi ile kampuni nyingine zilikuwa bado na nafasi. Wengi wetu hatukuzitafuta, maana tuliambiwa ndege yetu inakuja. Saa tatu usiku safari zote zikafutwa, na nafasi za kwingine zimekwisha, hata za kesho yake.

Nilimwonesha binti wa kaunta kadi yangu. Akaitazama kwa huruma. "Baba, usiwe na wasiwasi," akasema. "Pointi zako zipo palepale."

Jumamosi nikapanda basi Ubungo. Kondakta alitutangazia safari kama msoma wasia: "Tunalala Shinyanga, kesho kabla ya adhuhuri, Bunda." Tairi lilipopasuka karibu na Singida, alituambia tutakaa saa nzima, na ikawa saa nzima. Tukapita Mwanza, Magu, Lamadi na lango la Ndabaka la Serengeti, tukaingia Bunda kabla ya adhuhuri, kama alivyosema.

"Shemeji," mjane akaniambia, "tulikungoja mpaka saa kumi na moja. Wazee wakasema jua linakwenda."

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Siku ya tatu nilipelekwa Musoma kumpa pole mama wa marehemu, nikaomba tupite Butiama. Mbele ya kaburi la Mwalimu Nyerere nilimkumbuka si kama Rais, bali kama mfasiri aliyetupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kisa kile chasimama juu ya merikebu zisizofika kwa wakati, na mtu aliyeweka rehani nyama ya mwili wake akakabiliwa na kisu. Chombo kinapochelewa, nyuma yake huwapo ahadi ya mtu kwa mtu.

Sisi wa visiwani hatukuanza jana kungojea vyombo. Jahazi zilingoja kaskazi na kusi, na hakuna aliyemlaumu nahodha kwa upepo. Alilaumiwa alipoificha hali ya bahari. Ndege nazo zina kusi yake. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliisimamisha Air Tanzania kuruka, ikairuhusu tena Januari 2009. Novemba 2022 shirika hilo lilitangaza kuwa baadhi ya ndege zake za Airbus A220 zimesimamishwa kwa hitilafu za injini za Pratt & Whitney, na ratiba ikavurugika. Usalama ukidai ndege isiruke, na isiruke. Tarehe 6 ya Novemba hiyohiyo, watu 19 walipoteza maisha ndege ya kampuni nyingine ilipoanguka katika Ziwa Viktoria, karibu na Bukoba. Hakuna maziko yanayostahili kuwahiwa kwa maziko mengine.

Ninachokidai ni neno la kweli la saa mbili asubuhi. Ahadi ni deni, na kuivunja mapema kwa uwazi ni namna mojawapo ya kulilipa.

Katika lugha yetu mwaminifu ni yule aliyepewa amana akaitunza. Abiria hutoa: fedha zake, mwili wake, saa zake. Anayepokea ndiye wa kupimwa uaminifu. Kijitabu kile kiliyageuza mambo juu chini, nami nilikisaidia kwa Kiswahili fasaha.

Kurasa zile peke yake sikumpelekea rafiki yangu azisahihishe. Nilikuwa na haraka ya malipo. Angaliziona, neno lile lisingalipita bila ya mstari mwekundu.