Rombo: Sumu inayoanzia shambani, ikaishia kwenye uji wa mtoto

Barabara ya lami kutoka Himo kwenda Tarakea inapita ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona Mawenzi, imechongoka kama jino lililovunjika. Upande wa juu ni migomba na kahawa. Upande wa chini, kuelekea mpaka wa Kenya, ni ukanda wa joto wenye mashamba ya mahindi, na mahindi hayo ndiyo yaliyonileta.

Mwaka 2010, Dk. Martin Kimanya na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wachanga wa Rombo. Waliopata fumonisini, moja ya sumukuvu, kupita kiwango cha kimataifa, walipofikisha mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba sumu ndiyo iliyowarudisha nyuma, maana nyumba yenye mahindi mabovu mara nyingi ina upungufu mwingine pia. Lakini wewe unayepeleka mtoto kliniki kila mwezi unajua gramu 328 ni nini kwenye ile kadi.

Sumu hii inatengenezwa na fangasi anayeitwa fusariamu. Wengi wetu tukisikia sumukuvu tunafikiria gunia lililonyeshewa. Huyu anaanza mapema zaidi. Anaweza kuwa ndani ya mbegu unayopanda, akapanda na bua, au akaingia kupitia ndevu za hindi na matundu ya viwavi. Mmea unaweza kumbeba msimu mzima ukiwa kijani na punje zikiwa nzuri machoni. Wanaishi pamoja, na huenda mmea nao unapata kitu: majaribio yameonyesha kwamba hindi lililotanguliwa na fusariamu hushambuliwa kidogo na fangasi mwingine, yule anayevimbisha mahindi yakawa na majivuno meusi.

Ujirani wa namna hii si wa mahindi tu. New Zealand kuna nyasi za malisho zenye fangasi ndani yake ambaye kemikali zake hufukuza wadudu waharibifu. Kemikali nyingine ya fangasi huyohuyo huwafanya kondoo watetemeke na kuyumba kama walevi. Wenzetu walitafuta aina ya fangasi anayefukuza wadudu bila kuwadhuru kondoo, wakaiweka kwenye mbegu za nyasi. Sisi kwenye mahindi hatujafika huko.

Turudi kwenye uji. Kiwango cha kimataifa ni mikrogramu 2 za fumonisini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 8 basi mwisho wake ni mikrogramu 16. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu hadi miligramu 2 katika kilo moja ya mahindi. Piga hesabu: unga ulio kwenye ukomo huo huo wa kisheria unamfikisha mtoto huyo kwenye kiwango chake kwa gramu 8 tu, kama kijiko kimoja cha chakula. Bakuli moja la uji linazidi hapo. Na kuchemsha hakusaidii sana, kwa sababu fumonisini inavumilia moto wa jikoni.

Kinachosaidia hufanyika kabla ya sufuria. Kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya udongoni. Kuchambua kwa mkono na kutoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa au zilizobadilika rangi. Kuzuia wadudu ghalani. Halafu kukoboa kabla ya kusaga, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Hapa najua nawaudhi wapenzi wa dona, nami ni mmoja wao. Kwa mtu mzima mwenye mahindi safi, dona ni chakula kizuri. Kwa mtoto wa miezi minane ningekoboa, na ningechanganya nafaka nyingine ili mahindi yasiwe peke yake.

Kwenye mashine ya kusaga nilimkuta bibi mmoja na debe lake. Nilipomwamkia akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akaniuliza nimefuata nini. Nikamweleza. Akasema mahindi ya kula huchambua siku zote, alivyofundishwa na mama yake, ila kukoboa kunaongeza hela na debe linapungua. Ni kweli, na ndiyo sababu ushauri huu unasahaulika haraka.

Akaniuliza tena: kama sumu iko kwenye ganda, pumba anazowapa nguruwe je? Nikamwambia ukweli, kwamba nguruwe ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana na fumonisini, huwajaza maji mapafuni. Akanyamaza kidogo, akalitazama gunia la pumba lililoegemezwa ukutani. "Hizo nilishazilipia," akasema.