Reli ya Mombasa hadi Nairobi: Safari na Swala

Tangu mwisho wa Mei 2017, Mombasa na Nairobi zimekaribiana. Reli mpya, yenye urefu wa takriban kilomita 470, huifanya safari kuwa ya saa tano au sita. Kwa mama ampelekaye binti chuoni, au mzee aendaye hospitali, hilo si jambo dogo.

Kituo cha Miritini kiko nje ya kisiwa. Atokaye Mji wa Kale na aihesabu njia ya kufika huko kuwa sehemu ya safari. Mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa wa polisi, basi msala na mavazi ya swala yatiwe ndani ya mfuko uliofungwa vyema.

Treni ya asubuhi husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Minazi huachwa nyuma, nchi ikawa kavu, kisha reli hukata Tsavo juu ya tuta na madaraja yaliyoachiwa wanyama njia chini yake. Watoto na waketi dirishani: ndovu wa huko huonekana wekundu kwa mchanga wanaojimwagia.

La kuzingatiwa zaidi ni swala. Apandaye asubuhi hufika wakati wa Adhuhuri ungalipo, akaswali kwa utulivu. Treni ya saa tisa alasiri ina mtihani wake. Magharibi msafiri ana ruhusa ya kuiakhirisha hadi Isha. Lakini Alasiri huingia baada ya kuondoka na hutoka kabla ya kufika, wala haiakhirishwi hadi Magharibi. Basi tawadha kabla ya kupanda, na umuulize shekhe wako mapema namna ya kuiswali ndani ya treni. Kibla chetu ni kaskazini, nayo treni huelekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo kibla huwa mbele, upande wa kulia.

Mwisho wa safari ni Syokimau, si katikati ya jiji. Treni ya mjini huwachukua wasafiri hadi stesheni kuu, mahali ilipofika reli ya kale mwaka 1899, na kutoka hapo Msikiti wa Jamia si mbali.

Kabla ya kukata tiketi, tazama ratiba, kwani hubadilika; kisha itazame pamoja na nyakati za swala. Na dua ya safari isisahauliwe.