Likizoni Usiniulize "Mambo?"

Matokeo ya mwaka wa pili yalitoka Ijumaa jioni, katikati ya Agosti. Chuo kilikuwa kimefungwa tangu Julai na mimi nilikuwa nyumbani Njombe, kwenye baridi ile ya kukaa jikoni na koti. Kwetu mtandao haushiki ndani ya nyumba. Ukitaka intaneti unapanda hadi juu ya shamba, karibu na mparachichi mkubwa, unainua simu kama mtu anayesimamisha basi. Nikapanda. Ukurasa ukafunguka kidogo kidogo, somo moja baada ya jingine. Sapu mbili.

Nikashuka, nikaosha vyombo. Mama akauliza kama yametoka. Nikamjibu, "Bado, mama."

Nawaandikia haya kwa sababu likizo ndefu inakaribia tena, na najua kuna wenzangu humu watakaopata kama yangu.

Ukipata sapu ukiwa chuoni, unalia hosteli asubuhi, na ikifika jioni unajua mko sita kwenye korido moja. Mmoja ana noti za mwaka jana, mwingine anakutania, "Karibu chamani." Unacheka ukiwa na kamasi. Nyumbani hakuna korido. Watu wa nyumbani wanakupenda, lakini sapu hawaijui. Kwao kuna kufaulu na kufeli tu, na ada yangu ya mwaka ule ilitoka kwenye magunia ya viazi ambayo baba aliyauza kabla bei haijapanda. Ningeanzia wapi kumweleza?

Ikabaki simu. Na simu, jamani, ndiyo ilikuwa inanimaliza. Kila nikipanda kule juu nakuta stetasi za wenzangu wako fildi, wamevaa vitambulisho shingoni, wamepiga picha mbele ya majengo ya vioo. Nikatoka kwenye grupu la darasa. Grupu lina watu zaidi ya 200. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini nimetoka. Nikaanza kulala mchana na kukesha usiku. Mama akanipeleka zahanati kupima malaria, sina. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa zake karibu na moto, akasema, "Huyo hana malaria. Ana mawazo." Hakuna aliyemjibu.

Kuna usiku mmoja niliwaza kwamba kama nisingekuwepo, baba angebaki na viazi vyake. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepiga hesabu ya nauli. Utulivu huo ndio unaonitisha mpaka leo nikiukumbuka.

Sikukaa bila kujaribu kitu. Nilipakua programu moja ya afya ya akili, ya bure. Ilikuwa ya Kiingereza, kila siku inakuambia uchague kikaragosi kinachofanana na hali yako. Nikachagua kinacholia siku nne mfululizo, ikanipongeza kwa kutokuruka siku. Nikajaribu pia kuchati na akili bandia. Siwezi kusema ilinijibu vibaya, maneno yake yalikuwa matamu kuliko ya watu wengi. Lakini bando lilipokwisha, mazungumzo yakaishia hapo, na siku ya tatu nilipoacha kuandika haikunitafuta. Nikapiga simu ya ofisi ya unasihi ya chuo, ile iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena kesho yake. Ofisi imefungwa, wanafunzi si wako likizo?

Aliyenipata ni rumeti wangu wa Tanga. Yeye simu janja yake iliibiwa kwenye daladala mwezi Juni, akabaki na kiswaswadu. Kwa hiyo hakuwa na stetasi wala grupu. Alichoweza ni kupiga tu.

"Mambo?"
"Poa."
"Nyumbani wazima?"
"Wazima kabisa."

Si unajua sisi tulivyo. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu "nzuri", halafu ndipo anaongeza "ila tumefiwa". Salamu zetu zinataka uzima kwanza, ugonjwa baadaye. Nami siku zote zile nilikuwa naishia kwenye "nzuri", kwenye "ila" sifiki.

Rumeti akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Leo umekula nini?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo huwezi kulijibu "poa".

"Na jana je?"

Nikaanza kulia pale pale chini ya mparachichi. Nilitegemea ataniambia nimwombe Mungu, au kuna wenye shida kuliko mimi. Akasema, "Lia, mwenzangu. Dakika ninazo, nimejiunga za usiku." Akabaki kwenye laini. Baada ya muda nikamweleza sapu, viazi, mpaka ile hesabu ya usiku. Hapo akaniambia neno moja tu la amri: kabla sijalala nimwambie mtu mmoja wa nyumbani, na yeye atapiga asubuhi kuhakikisha. Nikamwambia mama. Mama akamwambia baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote, ila baba aliuliza kitu kimoja: mtihani wa kurudia unalipiwa?

Tukawekeana utaratibu. Kila Jumapili saa tatu usiku, tunaongea. Kwa sauti, si kwa kuandika, kwa sababu kwenye maandishi kila mtu anaweza kuweka kikaragosi cha kucheka. Swali la kwanza ni chakula na usingizi, "mambo" hairuhusiwi. Asiye na salio anabipu, mwenzake anapiga. Na kila mmoja akampa mwenzake namba ya mtu mzima wa nyumbani, pamoja na ruhusa ya kuitumia.

Hiyo namba ya nyumbani ndiyo niliyoona haina maana. Nilimpa ya mama, akanipa ya shangazi yake, nikaihifadhi basi tu.

Wiki ya kwanza ya Septemba, Jumapili ikapita bila simu. Nitasema ukweli: siku ile zamu ya kupiga ilikuwa yangu. Kulikuwa na mvua, sikutaka kupanda mlimani, nikajiambia ana nguvu yule, atanipigia mwenyewe. Jumatatu nikapiga, haipatikani. Jumanne, haipatikani. Nikajisemea kiswaswadu kimeisha chaji. Jumatano usiku ndipo nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi. Mimi ninakaa naye chumba kimoja chuoni."
"Marahaba mwanangu. Yupo, ila anasema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu leo hatoki ndani."
"Anakula?"

Shangazi akakaa kimya, kisha akasema, "Hata sijaangalia, mwanangu. Mimi narudi sokoni usiku."

Baba yake mdogo, ndiye aliyekuwa anamsomesha, alikuwa ameugua na duka limefungwa. Rumeti alikuwa ameuza hata kile kiswaswadu. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwao yeye ndiye wa kuwachekesha wengine. Nikamwomba shangazi asimwache peke yake usiku ule. Kesho yake akampeleka hospitali ya wilaya, na kutoka hapo wakaandikiwa kwenda ya mkoa, kwenye kliniki ya afya ya akili. Aliambiwa ana sonona. Akaanza dawa na miadi ya kuongea na mnasihi. Ameniruhusu kuandika haya, amesema tu nisiweke jina, na nisisahau kutaja kwamba nilichelewa siku tatu. Sijasahau.

Tuliporudi chuo nilianza kusoma mambo haya. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29, ndio sisi. Nikasoma pia kuhusu Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Hawakutumia neno la kitaalamu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti wao wa watu 573, uliotoka mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikamkumbuka bibi yangu pale motoni. Alikuwa ameshatoa jibu, tukaendelea kutafuta malaria.

Sisemi simu ni hospitali. Rumeti hakuponywa na simu yangu, anatibiwa na wataalamu. Simu ilifanya kazi ya kumfikisha kwao. Na kwa kazi hiyo kiswaswadu kinatosha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa serikali yetu ya wanafunzi na uongozi wa chuo. Matokeo yanatoka wakati ofisi ya unasihi imefungwa, hapo ndipo penye tatizo. Inunuliwe laini moja ya simu, wanasihi wapeane zamu, hata saa mbili mara mbili kwa wiki likizo nzima. Namba hiyo iwekwe kwenye ukurasa ule ule wa matokeo, chini ya alama, mtu aione hata kama mtandao wake ni wa juu ya mti. Na matokeo yatoke Jumatatu asubuhi, siyo Ijumaa jioni ambapo hakuna wa kumpigia mpaka siku tatu zipite.

La pili ni kwako. Kabla hujapanda basi pale Mbezi, chagua mtu mmoja. Mmoja tu, siyo grupu. Pangeni siku na saa, mpeane namba ya nyumbani. Zamu ikiwa yako, piga, hata kama mvua inanyesha. Ukisikia mwenzako anazungumza kama atakayekuwa hayupo, usibaki na siri yake, mpigie mtu aliye karibu naye usiku huo huo, na aende kituo cha afya.

Sapu zangu, moja nilipita, nyingine nimeibeba mpaka mwaka huu. Rumeti yuko hapa, anapika maharage ninapoandika, analalamika mkaa umepanda. Likizo hii tumekuwa sita kwenye orodha ya Jumapili. Mimi zamu yangu ya kwanza ni tarehe ya mwisho ya Julai, na ameniambia ataanza kunisubiri kuanzia saa tatu kasoro.

Likizo njema. Mkifika salama, pigeni.